Bunduki ya Wenzo Inapogoma Uwanjani: Dalili, Vyanzo na Utatuzi Wake

Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kulenga shabaha kwa starehe na bunduki ya wenzo, yaani ile ambayo mpigaji hushusha na kupandisha mkono wa chuma unaozunguka kifyatulio ili kutoa ganda lililokwisha kutumika, kukoki nyundo na kuingiza risasi nyingine chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kupigwa. Bunduki hizi ni za Marekani kwa asili na kwa mazoea. Henry ya mwaka 1860, Winchester ya 1873, zile alizobuni John Browning mwaka 1892 na 1894, na Marlin 336 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, zote bado zinaonekana, zenyewe au nakala zake, katika viwanja vya umma kama Ben Avery ulioko kaskazini mwa Phoenix, Arizona. Phoenix imepokea wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi, na baadhi yao hualikwa viwanjani na majirani au wafanyakazi wenzao. Ni vyema anayealikwa ajue bunduki inapogoma inamaanisha nini na afanye nini.

Matatizo mengi ya siku kama hiyo hayatokani na chuma kilichovunjika. Hutokana na mkono usiomaliza mwendo wa wenzo, na risasi isiyolingana na bunduki, na uchafu. Kwa hiyo uchunguzi ufuate mpangilio huo: kwanza mkono, kisha risasi, kisha uchafu, na mwisho kabisa chuma. Anayeanza kwa kufungua skrubu anaweza kuharibu bunduki nzima ambayo tatizo lake lilikuwa risasi moja iliyozidi urefu. Jambo la pili, na hili nalitilia mkazo kuliko yote, ni kwamba wenzo huendeshwa kwa nguvu na bila kusita mambo yanapokuwa ya kawaida, lakini unapogoma haulazimishwi hata kidogo. Karibu kila uharibifu mkubwa wa bunduki hizi huanzia kwa mtu aliyechanganya nyakati hizo mbili.

Dalili yoyote ikitokea, mtutu ubaki umeelekea kwenye tuta la kuzuia risasi, kidole kitoke kwenye kifyatulio, na miwani ya kinga isivuliwe. Ikiwa msimamizi wa uwanja ametangaza kusitisha upigaji ili watu wakabadilishe karatasi za shabaha, na bunduki yako imekwama ikiwa na risasi ndani, usinyamaze kwa kuona haya. Mwambie mara moja, kwa sababu bunduki ya namna hiyo haiwezi kuhesabiwa kuwa tupu, na hakuna mtu anayepaswa kupita mbele yake.

Lipo pia tatizo moja lisilohusu chuma wala baruti. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda, kama ya utalii au ya masomo, kuwa na bunduki au risasi mkononi, isipokuwa awe katika makundi machache yaliyoruhusiwa, mfano mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Mjomba aliyekuja kutembea kutoka Dar es Salaam au Bujumbura asipewe bunduki kwa nia njema tu. Jambo hili lichunguzwe kabla ya kuondoka nyumbani.

Nyundo inaanguka lakini risasi haiwaki

Hatua ya kwanza ni kutofanya lolote. Shikilia bunduki ikiwa imeelekea kwenye shabaha, wenzo ukiwa umefungwa, kwa muda usiopungua sekunde 30. Mara chache hutokea fataki, yaani kile kidonge cha kuwashia kilicho kitakoni mwa risasi, ikawaka polepole na baruti ikachelewa kushika, na mtu aliyefungua wenzo haraka hujikuta risasi ikipasuka nje ya chemba, karibu na uso wake. Muda huo ukipita, fungua wenzo, itoe risasi na uitazame kitako chake, kwa maana jibu la swali lako limeandikwa hapo.

Ikiwa kitako hakina alama yoyote, pini ya kupigia haikukifikia. Kwenye bunduki nyingi za Marlin zilizotengenezwa tangu miaka ya 1980 kipo kitufe cha usalama kinachopita kwenye mwili wa bunduki kutoka upande mmoja hadi mwingine; kikiwa kimesukumwa upande wa usalama, nyundo huanguka kama kawaida na kutoa sauti ile ile, lakini huzuiwa kabla ya kuigusa pini. Wageni wengi hudhani bunduki imeharibika, kumbe kitufe kimeguswa tu wakati wa kuibeba. Angalia hicho kabla ya kitu kingine.

Ikiwa ipo alama lakini ni nyepesi, kisa ni kingine. Kwenye Marlin pini ya kupigia ina vipande viwili, na kile cha nyuma hukaa kimeshuka, nje ya mstari, mpaka wenzo ufungwe kabisa na kipande cha kufungia komeo (chuma kinachoziba chemba kwa nyuma) kinyanyuke na kukiweka sawa. Wenzo ukibaki wazi kwa upana wa kidole, vipande havilingani, na pigo la nyundo hupotea njiani. Huo si ubovu, bali ni kinga iliyowekwa ili risasi isipasuke wakati komeo halijafungwa. Kwenye Winchester 94 pia upo mpango wa kuzuia kifyatulio kisifanye kazi mpaka wenzo ubanwe juu kikamilifu. Tiba ni kuupandisha wenzo mpaka mwisho na kuubana kwa vidole vitatu vya chini unapofyatua. Ukiendelea kupata alama nyepesi hata baada ya hapo, shuku mafuta yaliyoganda kwenye njia ya pini au springi ya nyundo iliyochoka. Mafuta mengi kupita kiasi ni kosa la kawaida sana Arizona, kwa kuwa vumbi la jangwani hushikana nayo na kuwa kama unga wa msasa ndani ya komeo.

Kwa bunduki ndogo za .22 (namba hii ni takriban kipenyo cha risasi kwa inchi), ambazo ndizo ningependa kila mwanafunzi aanze nazo, kisa huwa mara nyingi katika risasi yenyewe. Risasi ya .22 LR, ambayo ndiyo .22 ya kawaida, haina fataki katikati; dawa ya kuwasha imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini huubana ukingo huo. Kiwandani dawa isipoenea vizuri, panakuwa na sehemu ya ukingo isiyo na kitu. Igeuze risasi ili pini ipige upande mwingine, uirudishe chemba na ujaribu tena. Ikiwaka, bunduki haina kosa. Ikikataa mara ya pili, iwekwe kwenye chombo cha risasi mbovu kilichopo uwanjani, wala isitupwe kwenye pipa la taka. Na usizoee kufyatua bunduki ya .22 ikiwa tupu, kwa maana pini inaweza kugonga ukingo wa chemba na kuacha donge dogo la chuma ambalo baadaye litaizuia pini kuubana ukingo kama kawaida na kufanya kila risasi ya kumi au ya ishirini igome.

Mlio dhaifu na teke lililopungua

Hii ni dalili pekee inayomaliza kazi ya bunduki hiyo papo hapo. Mlio ukisikika kama wa fataki ya watoto na bega lisihisi teke, huenda baruti ilikuwa pungufu au haikuwemo kabisa, na kichwa cha risasi kimekwama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ikipigwa nyuma yake, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Usiendeshe wenzo kwa mazoea. Hatari ya bunduki hizi ni kwamba mpigaji mwepesi hushusha na kupandisha wenzo kabla akili haijaelewa alichosikia, na ndiyo maana katika mashindano ya kasi wasimamizi hufundishwa kupaza sauti ya kusimamisha wanaposikia mlio wa namna hiyo.

Ondoa risasi zote, acha wenzo wazi, kisha pitisha fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu. Ikifika chemba bila kizuizi, mtutu uko wazi. Ikigota, bunduki iende kwa fundi. Nakushauri kwa dhati usijaribu kukitoa kichwa hicho kwa nyundo na msumari, wala usifikirie kukisukuma kwa risasi nyingine.

Wenzo unakwama katikati

Hapa ndipo penye mambo mengi, na panahitaji kueleza kwanza kinachotokea ndani. Risasi zimepangwa kwenye tyubu iliyo chini ya mtutu, kila moja ikiwa imekaa nyuma ya mwenzake, na springi inazisukuma kuelekea nyuma. Wenzo unaposhushwa, komeo linarudi nyuma na kuvuta ganda. Karibu na mwisho wa mwendo, risasi moja inakuwa juu ya kiinuzi, ambacho ni kipande kinachopanda na kushuka kama lifti. Wenzo unapopandishwa, kiinuzi huileta risasi mbele ya chemba na komeo huisukuma iingie. Kila kitu kinategemea risasi moja, na moja tu, kuwa juu ya kiinuzi kwa wakati wake.

Chanzo cha kwanza cha kukwama ni mwendo nusu. Mpigaji mpya huona huruma kwa bunduki, hushusha wenzo mpaka pale anapohisi uzito, kisha huurudisha. Ganda halijatoka sawasawa, risasi mpya imeanza kupanda, na vyote viwili vinagombania nafasi moja. Dawa ni kufundisha mkono: shusha mpaka wenzo ugote, pandisha mpaka ugote, bila kupumzika katikati. Fanya zoezi hilo kwa risasi bandia zisizo na baruti kabla ya kwenda uwanjani. Anayepiga amekaa mezani hukosea zaidi kuliko aliyesimama, kwa sababu wenzo hugonga meza au mfuko wa mchanga kabla haujafika mwisho. Inua bunduki kidogo kila unapoendesha.

Chanzo cha pili ni urefu wa risasi. Bunduki ya .357 Magnum inakubali pia risasi ya .38 Special, ambayo ganda lake ni fupi kwa takriban milimita 3, na wengi huipenda kwa kuwa ni nafuu na teke lake ni dogo. Lakini kiinuzi kilipimwa kwa urefu fulani, na risasi fupi mno yenye kichwa bapa huweza kupanda kwa pembe mbaya na kugota kwenye ukingo wa chemba. Iliyo ndefu mno, hasa iliyotengenezwa nyumbani na mtu asiyepima, haitoshi juu ya kiinuzi na huzuia kila kitu kisitembee. Ukiona wenzo unakwama kwa aina moja ya risasi na kwa nyingine unapita vizuri, umeshapata jibu. Badilisha risasi na uendelee na siku yako.

Chanzo cha tatu huonekana zaidi kwenye Marlin 1894 na ndugu zake, na wapigaji wa Marekani wamekizoea kiasi cha kukipa jina la kampuni hiyo. Wenzo unashuka kidogo, labda theluthi ya mwendo, kisha unagoma kabisa, na ukitazama juu huoni risasi iliyokaa vibaya. Kilichotokea ni kwamba risasi ya pili imechopoka kutoka kwenye tyubu kabla ya wakati wake na kujibana pamoja na kiinuzi. Ukikitoa kiinuzi na kukimulika kwa tochi kwa upande wake wa chini, mahali ambapo wenzo hukiegemea, mara nyingi utaona pengo dogo lililochimbika, lisilozidi upana wa ukucha, lenye kingo zinazong'aa. Ukingo mkali wa wenzo umekuwa ukila chuma cha kiinuzi kidogo kidogo kwa miaka, mpaka kikapoteza urefu unaohitajika kuizuia risasi inayofuata. Kulazimisha hapa huongeza pengo. Mwenye uzoefu huondoa skrubu ya wenzo, akautoa wenzo na komeo, akaitoa risasi kwa utaratibu, huku mtutu ukielekea mahali salama. Asiye na uzoefu amwachie fundi, ambaye pia ndiye mwenye kutengeneza dawa ya kudumu: kukijaza au kukibadilisha kiinuzi na kuulainisha ule ukingo wa wenzo.

Kabla ya kushuku chochote kati ya hivyo, shika kichwa cha skrubu ya wenzo kwa kidole. Ikicheza, kaza. Skrubu hii hulegea kwa mitikisiko, na wenzo uliolegea hauendeshi sehemu za ndani kwa wakati wake. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote wa skrubu, kwa upana na kwa unene. Ile nyembamba itauharibu mfereji na siku nyingine hutaweza kuifungua.

Risasi hazifiki kutoka kwenye tyubu

Wenzo unatembea vizuri, ganda linatoka, lakini komeo linafunga juu ya chemba tupu. Kwenye bunduki za .22 zinazojazwa kwa kuchomoa tyubu ya ndani, angalia kama tyubu hiyo imerudishwa na kufungwa kwa kuzungushwa. Ikiwa imepanda hata sentimita moja, springi haina nguvu ya kutosha. Angalia pia kama tyubu ina kibonyeo kilichotokana na kuegemeshwa ukutani au kuanguka. Springi chafu, iliyolala kwa miaka ikiwa imebanwa, huchoka, na kuibadilisha si gharama kubwa.

Kwenye bunduki zinazojazwa kupitia kilango cha ubavuni, tatizo huanzia katika kujaza. Risasi ikiachwa kabla haijapita kizuizi chake hurudi nyuma na kukaa chini ya kilango, hivyo wenzo ukakwama. Namna iliyo bora ni kuiacha kila risasi kitako chake kikiwa bado nje kidogo, uisukume kwa kichwa cha inayofuata, na ile ya mwisho uisukume kwa kidole gumba mpaka usikie mlio mdogo wa kunasa.

Na kwa kuwa risasi zimepangwa kichwa cha moja nyuma ya fataki ya nyingine, risasi zenye fataki katikati na ncha kali haziruhusiwi kwenye tyubu, kwani teke la bunduki linaweza kuifanya ncha iigonge fataki iliyo mbele yake. Ndiyo sababu .30-30 huwa na kichwa bapa au cha mviringo. Katikati ya miaka ya 2000 Hornady ilileta risasi zenye ncha laini ya mpira mgumu inayobonyea, ambazo zilitengenezwa kwa ajili ya tyubu. Winchester 1895, iliyobuniwa pia na Browning, ilikwepa tatizo hilo kwa kuziweka risasi kwenye sanduku chini ya komeo. Ndiyo bunduki ya wenzo ambayo Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliteremka nayo Mombasa mwaka 1909, ikiwa ya .405, na akawindia simba nayo katika nyika za Kenya ya leo. Usichukue kwa mfano huo kwamba kila bunduki ya wenzo inakubali kila risasi. Soma kilichochorwa kwenye mtutu na ufuate hicho.

Ganda linabaki chemba

Ndoano ya komeo hushika ukingo wa ganda na kulivuta. Ikiwa ganda halitoki, mulika chemba kwa tochi ndogo. Kwenye bunduki ya .357 iliyopigwa risasi nyingi za .38 Special utaona duara jeusi la masizi na madini laini ya vichwa vya risasi, milimita chache kabla ya mwisho wa chemba, pale ganda fupi linapoishia. Risasi ndefu ya .357 ikiingizwa baadaye hujibana kwenye duara hilo, ikapigwa, ikagoma kutoka. Brashi ya shaba yenye dawa ya kusafishia, ikizungushwa kwa dakika chache, huliondoa. Ni busara kuanza siku na risasi ndefu na kuzimalizia fupi mwishoni, kisha kusafisha ukifika nyumbani.

Maganda yakianza kung'ang'ania mchana wakati asubuhi yalitoka kirahisi, tazama mahali ulipoweka sanduku la risasi. Risasi zilizoachwa juani au ndani ya gari lililofungwa katika joto la Arizona hutoa msukumo mkubwa zaidi zinapopigwa, na ganda hubana ukuta wa chemba. Ziweke kivulini, na zilizopata joto kali ziache zipoe kabla ya kuzitumia.

Ikiwa ganda linatoka chemba lakini linaanguka ndani ya bunduki badala ya kuruka nje, kwa kawaida mkono umelegea. Kirusha ganda hutegemea mwendo wa komeo. Ukishusha wenzo polepole, ganda litabaki hapo hapo. Pale tu mwendo unapokuwa wa nguvu na ganda bado halirushwi ndipo ushuku springi iliyovunjika.

Risasi zinatawanyika kwenye karatasi

Kabla ya kusema bunduki hailengi, jua unachoweza kuitarajia. Bunduki nzuri ya .30-30 yenye vilengeo vya chuma, mikononi mwa mtu aliyetulia, ikikusanya risasi zake ndani ya sentimita 7 hadi 10 kwa umbali wa mita 100, haina la kulaumiwa. Anayeanza aweke karatasi kwa mita 25 au 50.

Risasi zikipanda moja juu ya nyingine kadiri unavyoendelea kupiga, mtutu umepata joto. Mtutu wa bunduki hizi umefungwa pamoja na tyubu na mbao kwa pete na skrubu, kwa hiyo unaporefuka kwa joto hauwezi kurefuka kwa uhuru, na hujipinda kidogo. Piga risasi tatu hadi tano, acha wenzo wazi, ungoje mpaka uweze kuushika mtutu bila kuondoa mkono. Vivyo hivyo, usiuegemeze mtutu wenyewe juu ya mfuko wa mchanga. Uegemeze ule mti wa mbele, karibu na mwili wa bunduki, na mahali pawe pale pale kwa kila risasi.

Risasi zote zikikusanyika vizuri lakini mbali na katikati, tatizo ni vilengeo tu. Kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule ule unaotaka risasi ziende, na cha mbele husogezwa kinyume chake. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo viwili, kisha ugawe kwa umbali wa shabaha. Ikiwa vilengeo vimeachana milimita 500, shabaha iko mita 50, na risasi zinapiga sentimita 10 kushoto, kilengeo cha nyuma kinahitaji kusogea milimita moja kulia. Wengi hugonga kwa nyundo wakidhani milimita moja ni kitu kidogo, kisha wanashangaa risasi zikihamia upande wa pili wa karatasi.

Lipo kosa la mwanga ambalo watu wachache hulifikiria. Kilengeo cha mbele mara nyingi kina kitone cha shaba kinachong'aa. Jua likiwa kuliani, upande wa kulia wa kitone ndio unaong'aa, na jicho huuchukua upande huo kuwa ndicho kitone chote. Mpigaji anauweka mng'ao katikati ya pengo la kilengeo cha nyuma, na mtutu unaelekea kushoto. Matokeo yake, risasi za asubuhi na za jioni kwenye uwanja ule ule hazipigi mahali pamoja ingawa hakuna aliyegusa skrubu. Kipake kitone masizi au wino mweusi, na tofauti itatoweka.

Chanzo kikubwa kuliko vyote hivyo, hata hivyo, ni mpigaji kushtuka kabla ya mlio. Macho hufumba, bega husukuma, mkono hukaza, na kwa mwenye kutumia mkono wa kulia risasi mara nyingi hushuka chini na kwenda kushoto. Bunduki ya wenzo inatoa njia nzuri sana ya kuligundua hilo. Mwombe mwenzako akujazie tyubu huku akichanganya risasi halisi na bandia bila kukuambia mpangilio. Nyundo ikianguka juu ya risasi bandia, mtutu unapaswa kubaki umetulia. Ukiruka ilhali hakuna mlio, kila mtu ameona chanzo cha kutawanyika, na wewe mwenyewe umekiona. Rudi kwenye .22 kwa muda, uvae kinga ya masikio iliyo nzito zaidi, na ukaze kitako cha bunduki begani. Kitako kilichoachwa na nafasi hupiga teke kali, na bega lenye maumivu ndilo linalofundisha kushtuka.

Uchafu wa madini laini ya vichwa vya risasi ndani ya mtutu pia hutawanya, lakini huja polepole. Kumbuka kwamba Winchester nyingi husafishwa kupitia mdomo wa mtutu, na fimbo inayosugua ukingo wa mdomo huharibu ulengaji kuliko uchafu uliokuja kuuondoa. Tumia kikinga cha fimbo. Marlin ina nafuu, kwani ukitoa skrubu ya wenzo komeo hutoka na unaweza kusafisha kutoka nyuma.

Vipande vinarudi kutoka kwenye shabaha ya chuma

Mtu akihisi kitu kimemgusa shavuni baada ya kupiga bamba la chuma, upigaji wa shabaha hiyo usimame. Tazama uso wa bamba. Bamba lililo laini na tambarare huisambaza risasi laini pembeni. Lililochimbika mashimo huvirudisha vipande kwa mpigaji. Bamba lining'inizwe likiwa limeinama kuelekea chini. Chama cha Single Action Shooting Society, kilichoanzishwa mwaka 1987 na ambacho mashindano yake ya Winter Range hufanyika Ben Avery, huruhusu tu risasi zenye vichwa vya madini laini visivyofunikwa kwa shaba, na kwa bunduki ndefu mwendo wake uwe chini ya futi 1,400 kwa sekunde. Kanuni hiyo imetokana na ukaribu wa mabamba yao, na ninaona inafaa kufuatwa na yeyote anayepiga chuma kwa karibu. Kwa .30-30 tumia karatasi, au chuma kigumu kilicho mbali kama kanuni za uwanja zinavyoelekeza.

Bunduki inayodhaniwa kuwa tupu

Dalili hii haina sauti, ndiyo maana inastahili uangalifu wakati wa kufunga mizigo. Bunduki za wenzo za zamani hazina namna ya kuondoa risasi za kwenye tyubu isipokuwa kuzipitisha moja moja kwa wenzo, na kila mara nyundo inabaki imekokiwa juu ya risasi halisi. Fanya kazi hiyo mstari wa kupigia, mtutu ukielekea tuta, kidole kikiwa mbali. Bunduki nyingi zinaruhusu usiifunge chemba kabisa: shusha wenzo, acha risasi ipande, itoe kwa vidole, kisha uendelee. Kwenye Browning BLR, ambayo kifyatulio chake hutembea pamoja na wenzo, kidole kilichosahaulika ndani husafiri nacho, kwa hiyo kidole kikae nje yake muda wote.

Baada ya risasi ya mwisho kutoka, endesha wenzo mara tatu zaidi. Tyubu yenye kibonyeo au springi iliyochoka huweza kuishikilia risasi moja na kuiachia baadaye, bunduki ikitikisika ndani ya gari. Ingiza kidole kidogo chemba, uguse kiinuzi, kisha utazame kama kisukumio cha tyubu, chenye rangi tofauti na shaba ya risasi, kinaonekana mwishoni mwake; kwenye .22, chomoa tyubu ya ndani yote. Kisukumio kisipoonekana, usiifunge bunduki kwenye mkoba wake. Mwite msimamizi wa uwanja, na mtutu uendelee kuelekea tuta mpaka risasi iliyobaki itoke.